Mukono Uliokataa Mukono

Juma zima Hadidja ananinginia pale, wasomaji, mukono moja kwa muzizi, mukono mwingine hewani, miguu inatafuta jiwe na jiwe linateleza. Watu watatu wamenisimamisha sokoni kuniuliza kama nimemusahau. Sikumusahau. Muzizi ule ni wa muti mugumu.

Bon, tuendelee.

Aliyesimama juu yake, hatua moja tu, ni Lukumani, bwana yake wa miezi saba, shofere wa kamyo ya mizigo, mwanaume wa mikono mikubwa kama kafi za wavuvi Wagenia. Hadidja akamunyooshea mukono. Lukumani akainama, akanyoosha wake. Vidole vyao vilikuwa karibu kugusana.

Alafu Lukumani akarudisha mukono wake nyuma, sawa mutu aliyeona nyoka.

"Ngoja," akasema. "Ngoja nitafute fimbo."

Fimbo. Bibi yake anaanguka, yeye anatafuta fimbo.

Alivunja tawi, akalishusha, Hadidja akalishika, akavutwa juu kama samaki wa ndoana. Alipokaa chini kupumua, akaona kifurushi chake cha majani kimepasuka. Ndani yake kulikuwa mbinzo, viwavi vya miti, ndani ya mawese, chakula alichopika alfajiri kwa ajili ya Jafari, mudogo wake. Mafuta mekundu yalikuwa yamemushuka mpaka kwa viwiko.

Akamuuliza bwana yake juu ya nini hakumupa mukono. Lukumani akajibu kwamba ana kidonda. Hadidja akasema akione. Lukumani akatia mikono yote miwili mufukoni na kusema jua linakwenda, na mulima haupandwi kwa maneno.

Sasa nisimame kidogo kwa wale ambao gazeti lao la juma lililopita lilifungia karanga kabla hawajalisoma.

Ni mwezi wa nane, mwaka wa sitini na ine. Uhuru wetu uko na miaka ine tu, bado haujaota meno yote, na waasi wa Simba wameingia Kisangani. Wanawinda makarani wa serikali na askari wa serikali. Papa Feruzi, baba ya Hadidja, ni karani wa kodi. Jafari ni askari. Donc ndani ya nyumba moja, windo mbili.

Papa, Hadidja alimuficha mwenyewe, na fasi alipomuficha hakumwambia mutu, hata bwana yake. Jafari alipotea siku mutaa wa askari uliposhambuliwa, wakamulilia kama maiti. Mpaka siku tatu zilizopita, barua ya mudogo kwa dada yake ikafika kwa mukono wa muchuuzi wa ndizi: "Yaya, niko kule tulikokula mbinzo. Kuja na chakula na nguo za raia. Jafari."

Kule walikokula mbinzo ni pangoni, juu ya mulima Lingomo, nyuma ya kijiji cha koko, babu yao. Mutu wa Bukavu akiuona Lingomo atacheka, atauliza kama ni mulima ao ni kichuguu kilichokula vizuri. Lakini sisi wa Kisangani, inchi yetu iko sawa kama meza. Kitu chochote kinachokutoa jasho ukikipanda, kwetu ni mulima.

Lukumani alijitolea kumupeleka na kamyo. Jana jioni wakafika kijijini, wakalala kwenye jite, ile nyumba ya wageni ambayo Wabelgiji walijenga kando ya barabara. Mulinzi wake ni Papa Timothée. Wabelgiji walikwenda, chefu wa teritwari alikimbia na kiatu kimoja, bendera ilibadilika mara tatu, lakini Papa Timothée bado anamupokea kila mugeni na kitabu kikubwa na kalamu. Anasema yeyote atakayerudi, wa kwanza ao wa mwisho, ataanza kwa kuuliza kitabu. Hujaandika, hulali.

Na Hadidja akaandika. Jina, fasi anakotoka, fasi anakokwenda kisha hapa, na kwa nani. Mutoto wa karani, papa yake alimufundisha tangu mudogo kwamba mutu unaweza kumudanganya, lakini karatasi ya serikali haidanganywi. Akaandika vizuri, polepole, herufi zimenyooka kama wanafunzi kwenye mustari. Lukumani akasimama nyuma yake akitazama kalamu inavyokwenda. Yeye hasomi. Anajua namba za kamyo na basi.

Leo asubui wakawaambia watu wa kijiji wanapanda kuokota mbinzo, watarudi kabla jua halijazama.

Haya. Sasa munajua yote ambayo Hadidja alijua. Turudi kwenye jiwe.

Hadidja alipanda nyuma ya bwana yake, akimuonyesha njia, akitazama mugongo wake, na fimbo ile ilikuwa inamupiga ndani ya kichwa. Mwanamuke akikataliwa mukono, anaanza kuhesabu mengine.

Njiani kutoka Kisangani kulikuwa vizuizi vitatu vya Simba. Hakuna hata kimoja kilichosimamisha kamyo yao.

Tangu Kisangani Lukumani hali chakula cha bibi yake. Anajichomea muhogo mwenyewe, anasema tumbo.

Kofia haijatoka kwa kichwa tangu siku ya ine ya juma.

Na jana pale jite, chumba kilikuwa na kitanda kimoja kizuri cha Wabelgiji, na Lukumani akalala chini kwenye mukeka, mbali, karibu na mulango. Alisema uchovu. Wasomaji, mwanaume wa miezi saba ya ndoa. Uchovu.

Hadidja akasimama.

"Lukumani. Toa kofia."

Akageuka. Akauliza kofia ya nini, jua ni kali. Hadidja akapanda hatua mbili, akainua mukono kuelekea uso wake, polepole, namna mwanamuke anavyomupangusa bwana yake jasho. Lukumani akaruka nyuma. Kofia ikashikwa na tawi, ikabaki pale inaninginia.

Juu ya paji la uso kulikuwa chanjo tatu ndogo za wembe, bado mpya.

Kila mutu wa Kisangani alijua maana yake wakati ule, hata watoto walioicheza njiani. Mutu akichanjwa dawa ya Simba, risasi ya adui inageuka maji. Lakini dawa iko na miiko, na muiko mukubwa ni mwanamuke. Asimuguse, asilale naye, asile chakula cha mukono wake. Mwanamuke akimugusa, dawa inamwagika na risasi inabaki risasi. Tena wenzake wakijua, hawangojei risasi ya adui.

"Walikuchanja siku gani?" Hadidja akauliza.

"Siku ya ine. Walinikamata pale kivuko."

"Na wakakuambia nini?"

Lukumani akatazama chini. Akasema walimupa mambo mawili achague, kamyo ao kaburi. Akasema mutu yeyote angechagua kamyo. Akasema yeye ni shofere, siasa haijui.

"Na Jafari? Ulimuuza kwa kamyo?"

Lukumani akanyoosha mukono kuchukua kofia yake kwa tawi. Mutu anayejifunika amejibu.

Sasa Hadidja akaona kila kitu, ao alifikiri ameona. Yeye peke yake ndiye aliyejua njia ya pangoni. Alimuongoza adui kwa miguu yake mwenyewe, na chakula juu ya kichwa, kama kuku anayejipeleka jikoni na kitunguu mudomoni.

Alilia? Hapana. Kulia kungekuja. Alitazama mikono yake miwili iliyojaa mawese, akamutazama bwana yake, akaanza kutembea kuelekea kwake.

Lukumani akarudi nyuma hatua moja. Hadidja akaja hatua moja. Lukumani akarudi tena. Huyu ndiye mwanaume aliyepita na tani nane za kahawa ndani ya matope ya Ituri, na sasa anakimbia viganja. Najua wanaume wengi wanaogopa mukono wa bibi zao, lakini kwa kawaida ni kisha miaka makumi mbili ya ndoa.

"Hadidja, usifanye mchezo. Wataniua."

"Kaa chini."

Akakaa.

"Ukinifuata nitakugusa. Nitakushika mwili mzima, kama siku ya arusi. Unasikia, bwana yangu?"

Alisikia. Hadidja akamuacha pale, akabeba kifurushi chake, akaingia musituni, akaanza kukimbia.

Hakufuata njia. Alipita kule walikopita akiwa mutoto, chini ya miti ya mbinzo, kwenye kijito, kisha juu, kwa mikono na magoti. Ndani ya kichwa kulikuwa neno moja tu: afike kwanza. Amutoe Jafari upande wa pili wa mulima, amuteremushe mpaka mutoni, amutafutie pirogi ya kuvukia.

Akafika. Mulango wa pango ulikuwa umefunikwa na majani makavu. Akapiga mluzi wao wa utoto, mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Mluzi ukajibu toka ndani.

Jafari akatoka. Amekonda, ndevu zimemuota, na kichwani amefunga kitambaa kama mutu anayeumwa kichwa. Lakini ni Jafari, na meno yale yenye pengo, na kucheka kule kwa upande moja. Hadidja akaweka kifurushi chini.

"Yaya," Jafari akasema. "Nilijua utakuja. Wewe peke yako ndiye nilijua."

Hadidja akamwambia haraka haraka, pumzi inakatika, kwamba Lukumani ni Simba, kwamba yuko nyuma, kwamba wasingoje. Jafari akamutuliza. Akasema kuna njia ya nyuma, wakati uko. Akasema kwanza anywe maji. Alikuwa na sauti nzuri, ya pole, sauti aliyokuwa nayo akiumwa na malaria na dada yake anakaa karibu naye.

Akauliza, "Na papa? Papa ni muzima?"

"Muzima."

"Mungu ni mukubwa. Nililala kila siku namuwaza. Ulimupeleka wapi, yaya? Niambie, twende kwake pamoja."

Moyo wa Hadidja ukajaa. Siku zote hizi hakumwambia mutu, na siri inaumiza kama maziwa kwa mwanamuke ambaye mutoto wake hanyonyi. Huyu hapa ni damu yake. Akafungua mudomo.

"Papa iko..."

Na kwa furaha akanyoosha mukono kumupangusa mudogo wake vumbi la shavu.

Jafari akarudi nyuma. Hatua moja tu. Sawa mutu aliyeona nyoka.

Mukono wa Hadidja ukabaki hewani, mara ya pili siku moja. Na neno lile likabaki mudomoni. Akalimeza, likashuka kama mufupa wa samaki.

"Toa kitambaa," akasema.

Jafari hakutoa. Haikuwa lazima.

"Yaya, sikiliza. Walinikamata juma la kwanza. Askari wote waliokuwa pamoja na miye walikufa siku ile. Miye nilisema niko na kitu cha kuwapa."

"Papa."

"Papa amezeeka, yaya. Papa ameona dunia. Miye niko na miaka makumi mbili na moja."

Alisema vile, wasomaji, bila aibu, kama mutu anayegawa kipande cha nyama mezani. Na dada yake akaelewa kila kitu kwa pamoja. Hapakuwa na Jafari wa kuwindwa. Barua ilikuwa mutego, njaa ilikuwa mutego, Lukumani alikuwa kamba ya mutego. Walijua kwamba wakimupiga Hadidja hatasema. Mutoto wa Feruzi, kichwa cha mawe. Lakini mbele ya mudogo wake atasema mwenyewe, tena kwa furaha.

"Kapiteni wetu iko nyuma ya lile jiwe na wengine ine," Jafari akasema chini chini. "Ananingojea. Niambie miye, yaya, kwa uzuri. Wao hawana uzuri."

"Sijui kitu."

"Yaya."

"Nimesahau. Nimeteleza kule chini, nimepiga kichwa."

Majani yakalia nyuma yake. Lukumani alikuwa amefuata, mbali, kama mbwa aliyepigwa lakini bado anasikia harufu ya supu. Uso umejaa jasho. Akatoa kitu ndani ya shati.

"Haina haja ya kumusumbua," akasema. "Aliandika jana."

Ilikuwa karatasi kubwa yenye mistari, imepasuliwa upande moja. Hadidja akaitambua kabla haijafunguliwa. Kitabu cha Papa Timothée.

Jana alimwandikia yule muzee ukweli wote: kwamba kisha hapa anakwenda Barumbu, kwa shangazi, tante Madina, muke wa fundi wa nyavu. Na ndani ya nyumba ya tante Madina, nyuma ya nyavu zinazoning'inia kukauka, ndipo Papa Feruzi alipo, anahesabu siku. Mwanamuke aliyemuficha siri bwana yake ndani ya kitanda kimoja siku zote zile aliimwaga kwa kitabu cha jite, sababu kilikuwa na mistari na mutu alimwambia jaza hapa.

Lukumani akaweka karatasi juu ya jiwe, asiguswe na bibi yake, akarudi nyuma. Jafari akaichukua. Yeye anasoma. Papa Feruzi mwenyewe alimufundisha, kwa fimbo ndogo na biskuti.

Macho yake yalikuwa bado kwenye jina wakati Hadidja alipomurukia na kumushika kifundo cha mukono.

Alikishika na vidole vyote. Jafari alivuta, hakuacha. Alipomuachilia, palikuwa na mistari mine mekundu ya mawese juu ya ngozi yake, mizuri, kama chapa ya posta.

Jafari akaitazama. Akaanza kuipangusa kwa shati. Mawese, munaijua mawese. Ilienea tu.

"Soma," Hadidja akasema. "Ita kapiteni wako, umusomee. Na miye nitamueleza namna mafuta yangu yalivyofika kwako."

Haikuwa lazima kumuita. Maneno yalikuwa yamekawia sana, na kapiteni alitoka nyuma ya jiwe mwenyewe, mwanaume mufupi mwenye kofia ya ngozi ya chui, na Simba ine nyuma yake wenye bunduki na mikuki. Wote wakasimama mbali na Hadidja, urefu wa mukuki na zaidi.

Kapiteni akauliza kama mwanamuke amesema. Lukumani akajibu kwamba hakusema lakini iko karatasi. Kapiteni akaitazama karatasi ndani ya mukono wa Jafari, juu yake, chini yake, akawauliza wale ine kama kuna anayejua kusoma. Wakatazama miguu yao.

"Soma basi," akamwambia Jafari.

Jafari alikuwa ameficha mukono wa mawese nyuma ya mugongo. Akashika karatasi kwa mukono mwingine. Akasoma kwa sauti ya mutoto wa shule.

"Jina, Hadidja binti Feruzi. Anatoka, Kisangani. Anakwenda..."

Hadidja alimuona macho yanapita juu ya neno, yanarudi, yanapita tena. Sasa anajua. Barumbu. Tante Madina, aliyewapikia wote wawili ndizi walipokuwa wadogo. Akainua macho, akamutazama dada yake, na kwa mara ya kwanza siku ile alifanana na mutoto aliyekuwa akiogopa giza la pangoni.

"Anakwenda Bafwasende," akasema. "Kwa ukoo wa bwana yake."

Kapiteni akatikisa kichwa polepole. Bafwasende, akasema, iko mikononi mwa Simba, kesho watu watakwenda kutazama nyumba moja moja. Hadidja akashusha pumzi. Uongo ule ulikuwa mudogo, lakini ulikuwa na siku tatu ndani yake, na kwa siku tatu pirogi inafika mbali.

Alafu Lukumani akakohoa.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa ameona mukono ukishikwa, na Simba anayeona muiko ukivunjwa na kunyamaza, yeye pia amevunja. Aliyechagua kamyo mara moja, anachagua kamyo kila siku.

"Kapiteni, ukoo wangu hauko Bafwasende. Huyu anakudanganya. Tazama mukono wake ule wa nyuma. Mwanamuke alimugusa."

Kapiteni akamwambia Jafari aonyeshe. Jafari akatoa mukono, pole pole. Mistari mine mekundu ikang'aa kwa jua. Wale Simba ine wakaruka mbali naye kama mutu aliyeshika moto, na bunduki mbili zikainuka, zikamutazama kifuani.

Hadidja akapiga magoti karibu na kifurushi chake, akafungua majani yaliyopasuka, akatia mikono yote miwili ndani ya mawese mpaka vifundoni. Akasimama. Vidole kumi vinadondosha.

Akaanza kutembea.

Simba wa kwanza aliona anakuja, akampisha. Wa pili akampisha. Wa tatu, mwenye mukuki, aliangusha mukuki. Hata kapiteni, na chui yake kichwani, alisogea kando na kushika nguo zake zisiguswe. Wanaume wenye silaha wakafunguka mbele yake kama mulango, na mwisho wa mulango, mugongo kwa jiwe, miguu haina tena fasi ya kurudi, alikuwa Lukumani.

"Bwana yangu," Hadidja akasema, na akanyoosha mukono. "Toka asubui nakuomba mukono wako. Leta."